Mikono ya Mama Viganja na Mguu wa Askari

Mtaa mzima ulimwita Mama Viganja, na jina hilo alilipata kwa jasho. Miaka thelathini alikanda migongo ya wachukuzi na shingo za mafundi katika chumba chenye mkeka mmoja na dirisha moja. Sheria yake ilikuwa hiyo hiyo kwa wote: ukiumia, kaza meno. Aliyepiga kelele, mama alimtania, "Nyamaza baba, hata mkeo hakulia hivyo akijifungua!" Wakacheka, wakavumilia, wakatoka wamenyooka.

Kwa hiyo Askari, mbwa mzee aliyeachwa na marehemu mumewe, alipoanza kuchechemea mguu wa nyuma, Mama Viganja hakumtafutia daktari. Mganga hajigangi, lakini mbwa wake je? Akamlaza mkekani, akamkanda paja, kisha akaushika ule mguu na kuuvuta nyuma kama avutavyo wa mchukuzi. Askari aligeukia ukutani, akakaza mwili, akalamba pua, akapiga miayo. Hakulia.

"Umeona?" alimwambia jirani yake, fundi cherehani, aliyekuwa mlangoni. "Mgonjwa mtulivu kuliko wewe."

"Mimi nina mdomo, mama," fundi akajibu.

Akavuta siku tatu, kila siku akizidisha kidogo. Siku ya nne Askari hakuinuka.

Daktari wa mifugo, binti wa umri wa mjukuu wake, aliipapasa nyonga kwa ncha za vidole. "Kiungo kimechoka kwa uzee, bibi, na sasa kimevimba. Nani aliuvuta mguu?"

"Mimi, mwanangu. Lakini hakulia."

"Mbwa wengi hawalii. Aligeuza kichwa? Alijilamba? Alipiga miayo bila usingizi?"

Mama Viganja akatazama sakafu. Vyote aliviona.

"Basi alikuwa anakuomba uache."

Daktari akatoa dawa ya maumivu na masharti: palipovimba pasiguswe, uti wa mgongo usikandamizwe, mguu usivutwe kupita pale mbwa anapoufikisha mwenyewe. Nyonga isikandwe kabisa mpaka aitazame tena.

"Atatembea?"

"Nadhani atatembea. Ila kama atarudi mikononi mwako, hilo ataamua yeye."

Baada ya wiki mbili Askari alisimama. Lakini kila mkeka ulipotandikwa, alijikokota hadi uani. Hilo lilimkata maini mama wa watu. Watu walitoka mbali kuifuata mikono yake. Kiumbe pekee aliyebaki naye nyumbani aliikimbia. Na hakuwa na wa kumlaumu, kwa maana uliofanya kosa ni ujuzi wake mwenyewe, ule aliojivunia.

Akaukunja mkeka, akauweka juu ya kabati. Kila alasiri akaketi sakafuni, kiganja wazi, bila kuita. Siku ya tisa Askari alikuja, akanusa kile kiganja kwa muda mrefu, akalala ubavu ukigusa goti lake. Mama Viganja akamwekea mkono begani, mbali na nyonga, kwa wepesi kama anagusa mtoto mchanga, akazungusha polepole. Mbwa akafumba macho.

Mazoea yana tabu. Vidole vikaanza kuteleza kuelekea paja, na chini yake akaisikia misuli ikikaza. Miaka thelathini alipambana na mkazo kama huo mpaka aushinde. Safari hii akainua mkono.

"Haya baba," akasema. "Basi."

Askari alifumbua macho, akamtazama, akabaki palepale.