Aliumwaga mkorogo, akaingia porini kutafuta majani

Saa kumi na mbili asubuhi, njia bado ina umande. Mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni anainama kando ya reli isiyotumika, anakata jani nono la shubiri mwitu na kulisimamisha ndani ya mkebe. Maji ya njano yanachuruzika taratibu.

"Haya lazima yatoke yote," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiyaacha, utajikuna mpaka uongee peke yako."

Majirani wanamwita Mama Majani. Ana miaka arobaini na sita, na kiwanda chake ni jiko la nyumbani: sufuria mbili, mwiko, kitambaa cha kuchujia, na mafungu ya mrehani pori yanayokauka darini. Mrehani huuloweka katika mafuta ya alizeti kwa wiki tatu, kisha mafuta hayo huyachanganya na nta ya nyuki kupata mafuta ya kupaka. Ute wa shubiri huutia kwenye sabuni.

Mumewe, fundi mwashi, ameshazoea. "Nikikuta kitu kwenye bakuli nauliza kwanza: hiki kinaliwa au kinapakwa?"

Mama Majani anacheka. Kicheko kinakatika mazungumzo yanapogusa miaka saba iliyopita.

Wakati huo alikuwa na saluni, na kilichojaza wateja ni mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua. Aliukoroga mwenyewe. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, akaja kuomba apakwe wiki mbili kabla ya kuolewa.

"Nilimwambia, mdogo wangu, utang'aa. Siku ya nne uso ukaungua. Aliolewa kajifunika, hakupiga hata picha moja."

Mdogo mtu hakumsemesha mwaka mzima. Dada akamwaga mikebe yote, akafunga saluni, akawa mfanya usafi. Jioni alikuwa akijifunza mimea kwa mkunga mstaafu, jirani yake.

Mara ya kwanza alikosea. Hakuyaacha yale maji ya njano ya shubiri yatoke yote, akajipaka, mkono ukavimba. Tangu hapo, kila anachopika hukijaribu kwanza kwenye mkono wake kwa siku mbili, ndipo kiuzwe.

Alasiri moja mlango ukagongwa. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, nasikia unatengeneza mafuta. Nipe."

"Nilikataa," anasema Mama Majani, machozi yakimlengalenga. "Niliogopa. Akavua mtandio, akaniambia, 'Basi nipake wewe mwenyewe. Nikiungua tena tutalia wote.'"

Hakuungua. Ngozi iliyokuwa ikikauka na kupasuka ikalainika, ingawa kovu la shavuni lipo mpaka leo. "Sisemi nafuta makovu," anasisitiza. "Mwenye kidonda namwambia aende hospitali."

Sasa anauza kama vikopo themanini kwa mwezi. Porini hukata majani machache kwa kila shina na kuhamia lingine, asije akaliua.

Mpango wake ni kupeleka mafuta maabara yakapimwe, apate kibali cha kuyauza kwenye maduka ya dawa. Fomu iko mezani. Mdogo wake ndiye anayeijaza, kwa sababu mwandiko wake unasomeka.

Kwenye nafasi ya mmiliki ameandika majina mawili.

"Hakuniuliza," anasema Mama Majani. "Na mimi sikumwambia afute."