Nilipoinama Peke Yangu

Harufu ya kafuri hunichosha hadi leo. Siku ile, katika mtaa wa zamani wa Malindi, ilikuwa imeshika kila kitu, mapazia, kanzu za wajomba, hata maji ya kunywa, maana Mama Athumani alikuwa ameoshwa asubuhi chumba cha ndani na kuvishwa sanda. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa kidato cha pili, mvulana mwenye haya ambaye maneno yake yote yaliishia kwenye daftari. Mama yangu alibaki Ukambani na wadogo zangu. Baba alipika hotelini na kurudi amechoka. Athumani alikuwa jirani na rafiki yangu, na mama yake alinilisha miaka miwili bila kuniuliza dini yangu. Kwa hiyo nilitaka jambo moja tu: kumwombea pamoja na wanawe, nisiachwe nje kulinda viatu.

Baba alikuwa amesema, "Mazikoni nenda. Msikitini, Mkristo wewe, unakwenda kufanya nini?" Nilikwenda hata hivyo. Nilisimama kwenye baraza ya msikiti, jua likinichoma shingo, wanaume wakisali adhuhuri. Niliwatazama kupitia mlangoni kama anayenakili ubaoni: simama, inama, sujudu, kaa. Walipomaliza, jeneza likawekwa mbele, na Athumani akanijia, macho mekundu. "Mutua, njoo basi. Mama hatakungoja." Nikavua viatu, nikanawa miguu, nikaingia safuni kando yake.

Imamu akasema Allahu akbar. Nikangoja kidogo, kisha nikainama. Nikakaa hivyo, mikono magotini, nikitazama vidole vya miguu ya watu ambao hawakusogea. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sala ya maiti husaliwa wima mpaka mwisho. Mkono ukanivuta shati kwa nyuma, nikainuka, masikio yakiniwaka moto.

Tulipotoka niliona nimeiharibu sala ya mtu aliyenilisha. Nikamwuliza Athumani kama bado itakubaliwa. Akanitazama, midomo ikamchezacheza. "Wewe! Angekuona mama, angesema Mutua kaangusha shilingi." Akacheka, kicheko kikageuka kilio, akaniegemea begani. "Haijaharibika kitu. Haya, shika jeneza." Nikashika. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, lakini njia ya makaburini ilikuwa ndefu. Tulipokezana mpaka mabega yakafa ganzi. Daftarini niliandika tu kwamba jua lilikuwa kali.

Siku hizi naishi Kibarani, Kilifi, na habari za misiba hunijia kwa simu. Nasoma, natuma pole na mchango kidogo, nairudisha simu mfukoni. Nikienda, nakaa kwenye viti vya plastiki na watu wa kanisa langu, nao wanakaa na wenzao. Kila mtu anajua pa kukaa, hakuna anayekosea. Ni miaka mingi sijaaibika mbele za watu. Ni miaka mingi pia sijamwombea mtu nikihofia, kwa moyo wangu wote, kwamba dua yangu itakataliwa.