Pembetatu Isiyo na Ncha

Katani iliyoloweshwa hunuka vibaya, na asiyeizoea anaweza kudhani kuna kitu kimeoza karibu. Mimi naipenda harufu hiyo. Juzi mwanafunzi wangu mmoja aliingia nayo darasani hapa Mumbuni, ninapofundisha uchoraji. Alikuwa amebeba kiondo ambacho mama yake hajakimaliza, nyuzi bado zinaning'inia mdomoni. Nilisahau nilichokuwa nikisema. Nilirudi Masii, uani kwa Susu, nikiwa na miaka kumi na macho yasiyomwamini mtu.

Naomba msinicheke. Nilizaliwa nikishuku. Nikitumwa sukari, nilisimama njiani kuipima kwa mkono nikidhani mwenye duka ameipunguza, na Mama alikuwa akisema kazi yangu ni upolisi tu. Hata leo parachichi nalibonyeza mara tatu kabla ya kulinunua, na mara ya tatu muuzaji huninyang'anya.

Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa mfumaji wa vyondo aliyejulikana. Kila Jumatano alasiri kina mama wa kikundi walikusanyika kwake, wakaketi mikekani, wakasokota uzi wa katani juu ya mapaja na kufuma huku wakizungumza. Kila mmoja alikuwa na urembo wake, na mwenzake hakuuiga wala kuupeleka kwingine bila kuomba. Ungeokota kiondo njiani ungejua umrudishie nani. Urembo wa Susu ulikuwa pembetatu nyekundu, safu juu ya safu, kwenye uzi wa rangi ya udongo. Zote ziliegemea kulia kidogo, maana ndivyo mkono wake ulivyovuta.

Binti yake wa mwisho, Shangazi Mutheu, aliishi katika nyumba ndogo upande wa pili wa ua. Hakuwa na maneno mengi, na watu wa namna hiyo ndio niliokuwa nikiwashuku kwanza. Jumatano moja asubuhi, nikienda kuwafungulia kuku, nilimkuta nyuma ya jikoni na kiondo kipya cha Susu mapajani. Alikuwa anakifumua. Aliponiona alikifunika kwa leso. Nilimuuliza anafanya nini, akasema anatoa uchafu. Uchafu gani unaotolewa kwa sindano? Sikuondoka. Nilizunguka pale na kuku wangu mpaka jua likapanda.

Kabla ya saa sita kiondo kilikuwa kimepotea. Susu alikuwa ametaka kukionyesha kikundi alasiri ile ile, kwa kuwa alikiona kizuri kuliko vyote alivyowahi kufuma. Shangazi akasema alikibeba sokoni, akakiweka chini wakati akinunua maharagwe, na alipogeuka hakukiona. Mimi nilikuwa nimemwona Musyoka, kijana wa jirani aliyekuwa akisomea kuchora katuni Nairobi, akitoka nyumbani kwa Shangazi na mfuko uliotuna. Jambo hilo nililiweka akilini.

Mwaka uliofuata, filamu ya katuni ambayo Musyoka alisaidia kuichora ilifika Masii. Kila nyumba yenye televisheni iliitaka kwa sababu yake, na Baba akaleta diski. Ndugu zangu walingoja hadithi ianze. Mimi sikufika kwenye hadithi. Nilinaswa pale mwanzoni, majina ya waliotengeneza yanapopita. Skrini ilikuwa nyeusi tupu. Uzi mmoja wa rangi ya udongo uliingia kutoka chini, ukajizungusha taratibu mpaka ukawa duara. Kutoka kwenye duara zikapanda safu, na kwenye safu zikachomoza pembetatu nyekundu moja baada ya nyingine, majina meupe yakikaa kidogo katikati yake kabla ya kufutika. Watu wengine huanza kutazama picha kutoka juu. Sisi kiondo tunakisoma kutoka kitako kwenda mdomoni, na ndivyo nilivyoisoma ile skrini. Ule ulikuwa urembo wa Susu.

Nilichukua rimoti na daftari la hesabu. Kwa siku mbili nilikuwa nikisimamisha picha, nachora, naiachilia kidogo, naisimamisha tena, ndugu zangu wakilia kwamba hawajamwona hata mnyama mmoja. Niliandika kila kitu. Safu ya kwanza na ya pili, pembetatu zote zinaegemea kulia. Safu ya tatu, tatu zinaegemea kushoto. Ya nne, tano zinaegemea kushoto. Safu ya mwisho, chini ya mdomo, pembetatu moja haina ncha. Zile za kushoto nilizipatia maelezo upesi: zimegeuzwa ili wizi usijulikane. Ile isiyo na ncha ilinisumbua, mwishowe nikaandika chini yake: alama ya mwizi.

Jumatano nilisimama katikati ya mikeka nikasema yote, leso, sindano, mfuko na filamu. Kina mama waliacha kufuma. Susu alilichukua daftari, akalisogeza mbali, akalileta karibu na pua, kisha akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Mutheu," akasema, "kiondo changu kilienda wapi?"

Shangazi alikitazama kile kidole. Kilikuwa kimekaa mahali pasipo na mchoro. Nilikiona pia, nikadhani ni hasira.

"Ni mimi nilipeana, Mama," Shangazi akasema. "Sikukuuliza."

Mwenyekiti wa kikundi alimwambia Shangazi aondoke kikundini mpaka atakapoitwa. Alikunja mkeka wake akaenda. Mimi nilipewa chai ya maziwa na andazi kubwa, na naona haya kusema lilikuwa tamu sana.

Hakuitwa kwa miaka minne. Asubuhi bado nilimkuta nyuma ya jikoni na vyondo vya Susu, nikakimbia kumshtaki kwa Mama, na Mama akanijibu kwamba nimeshafanya ya kutosha. Siku ya kumzika Susu, kina mama walisimama mmoja mmoja wakasema mkono wake haukukosea mpaka mwisho. Shangazi alisikiliza akiwa nyuma kabisa, karibu na tangi la maji.

Sasa narudi kwa yule mwanafunzi mwenye kiondo. Siku ile niliamua kuwaonyesha darasa mwanzo wa filamu ya Musyoka, niwafundishe jinsi rangi tatu tu zinavyoweza kumshika mtazamaji kabla hadithi haijaanza. Nilikuwa bado nazungumzia rangi aliponikatiza, akiionyesha skrini.

"Mwalimu, hii ilifumwa na watu wawili. Huyu anavuta kulia, huyu anavuta kushoto."

Niliisimamisha picha. Shangazi Mutheu hutumia mkono wa kushoto. Nimelijua hilo maisha yangu yote. Macho ya Susu yalikuwa yameanza kufa, akichanganya nyuzi, na binti yake alikuwa akifumua makosa na kuyafuma upya kabla watu hawajaona. Kiondo kile kilikuwa bado na kosa Jumatano ilipofika, ndiyo maana akampa kijana aendaye mbali. Musyoka hakuficha kitu. Alichora kwa uaminifu kila alichokiona.

Jumamosi nilienda Masii. Nilimkuta Shangazi akichambua pojo kwa ule mkono wake. Nilimwomba msamaha nikilia, nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli siku ile.

"Mbele ya wale wamama?" akasema, bila kuinua kichwa. "Mama alikufa akijua anaona."

Kisha akataka kuiona hiyo katuni, maana kwa miaka yote hakuwahi. Nilimshikia simu. Aliutazama uzi ukipanda, pembetatu zake na za mama yake, mpaka safu ya mwisho. Akaniambia nisimamishe. Akaweka kidole juu ya pembetatu isiyo na ncha, na hakukosea mahali.

"Hii ndio ilikuwa imebaki," akasema. "Halafu ukaja kufungulia kuku."