Figa la Tatu

Leo mama mmoja amenishika mkono nje ya kanisa, steji ya Kawangware 46, Nairobi, akaniuliza swali moja.

Miaka ya sabini nilikuwa afisa wa kodi ya ploti, kodi iliyofuata ukubwa wa ardhi. Siku hiyo nilikuwa natafuta bikoni, lile jiwe la serikali la mpaka, kati ya ploti ya mzee mmoja na ya jirani yake mjane.

"Ilisombwa na mvua," mzee akaapa. Panga mkononi.

Mjane akaniita chai. Nikaketi jikoni kwake. Mzee akasimama mlangoni.

Mafiga matatu. Mawili, mawe ya kawaida. La tatu, simiti, na chuma katikati.

Jamani!

Nikasema moyoni, huyu mama ameiba bikoni apikie. Nikifungua mdomo, mzee atamkata.

"Chai iko aje, afisa?" mzee akauliza.

"Tamu."

Nikaandika: bikoni haikupatikana. Mzee akajiwekea mpaka alipotaka. Na mimi miaka yote hii najisifu kwamba nilimwokoa yule mama.

Ndiye huyo wa leo.

"Niliiokota mahali mzee aliitupa. Shimo alipoing'oa nilikuwa nalijua, ningekuonyesha. Nilikuita chai ndio uione, afisa. Mbona ulinyamaza?"

Nyinyi mngemjibu nini?