Mama Subiri na Kichwa cha Wifi Yake

Nikifika mji nisioujua, huingia saluni kabla ya kutafuta jumba la makumbusho. Mtu akishashikwa kichwa, habari humtoka zenyewe. Ndivyo nilivyomfahamu Mama Subiri, msusi mnene mwenye mikono myepesi, aliyebatizwa jina hilo na wateja waliochoka kungoja.

Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili na feni inayozunguka kwa kulalamika. Kwake nywele haziguswi na pasi ya kunyooshea mpaka zikauke hadi kwenye shina. Kisha anapaka dawa ya kukinga joto, fungu kwa fungu, na kuzichana ili ienee. Halafu anakibana kitambaa cheupe kwa pasi. Kikibadilika rangi, anapunguza moto na kungoja tena.

"Mama Subiri, nitazeekea kwenye kiti hiki!" alilia mteja mmoja nikiwapo.

"Zeeka tu, mwanangu. Bora uzeeke na nywele zako."

Tulikuwa bado tunacheka alipoingia mwanamke mwenye kilemba, na Mama Subiri akaangusha chanuo. Alikuwa mke wa kaka yake.

Mwaka juzi wifi huyu alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Nywele zilikuwa mbichi bado. Mama Subiri akazipaka mafuta, akazipitishia pasi iliyowaka kweli kweli. Zikalia chwaa, moshi ukapanda. Wasusi wa mtaa ule waliamini mlio huo ni mafuta yanayoingia. Kumbe ni maji yanayochemka ndani ya unywele. Wifi alitoka anang'aa. Wiki iliyofuata nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, mafungu kwa mafungu. Tangu hapo alikuja kwa Mama Subiri kunywa chai na kupeana pole za misiba, lakini kichwa hakukileta.

"Binti yangu anahitimu keshokutwa," alisema sasa, bado amesimama mlangoni. "Nataka nikae mbele bila kilemba. Ila ukiniunguza tena, wifi, nakurudishia kaka yako na godoro lake."

"Huyo sina pa kumweka. Kaa."

Kilemba kikafunguliwa. Nywele zilishuka hadi mabegani, nasi tukashangilia. Mama Subiri hakushangilia. Baada ya kuziosha na kuzikausha, alichukua fungu moja dogo la kisogoni, akalipaka dawa, akalipitishia pasi mara moja tu, kisha akalinyunyizia maji.

"Sasa unaharibu nini?" wifi akauliza.

"Nazijaribu. Nywele nzima, isiyoungua, ikipata maji hujikunja ilivyozaliwa."

Tukakodoa macho. Shibiri moja ya juu ilijikunja kama springi. Chini yake, fungu lilibaki limelegea kama uzi uliotolewa kwenye nguo kuukuu.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Wifi amerudi, kiti amekikalia. Pasi moja ya haraka ingemfurahisha mpaka baada ya sherehe. Mama Subiri akamwonyesha fungu lile kwenye kioo.

"Za juu zimeota salama. Hizi za chini ndizo nilizochoma mimi. Hazitapona, na zinazidi kupasuka kuelekea juu."

"Zinyooshe tu, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na keshokutwa ikipita, kitana chako kitajua."

"Kwa hiyo zimefika mabegani, nawe unazirudisha masikioni!"

"Kwenye mashavu, wifi. Nisikudanganye mara ya pili."

Wifi alijitazama, akizivuta ncha zile kwa vidole. Moja ikakatika mkononi mwake, bila kuvutwa kwa nguvu. Akaipuliza ikaanguka.

"Kata," alisema. "Lakini nikifanana na mjomba wangu, tutakosana."

Mkasi ukafanya kazi yake. Kisha ikaja dawa, kitana, kitambaa cheupe ambacho kilibaki cheupe, na pasi ya moto wa wastani, ikipita kila fungu mara moja bila mlio wala moshi. Yule mteja aliyeogopa kuzeekea kitini akaanza kusimulia habari za jirani yake, tena tamu, lakini Mama Subiri akamwashiria ashushe sauti. Wifi alikuwa amelala fofofo, kichwa chake chote kimeegemea kiganja cha wifi yake, na pasi ikiendelea kupita taratibu karibu na sikio lake.