Kitambaa Kilichotanuka

"Shangazi, mbona sisi sote ni wanene?"

Msichana aliuliza hivyo akiwa na miaka tisa, amekaa juu ya robota la vitambaa. Shangazi yake, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Bonge, alikuwa na pini sita mdomoni. Zilipotoka, jibu lilikuwa, "Maswali, niletee mkasi." Maswali ndilo jina alilobandikwa mtoto nyumbani.

Fundi Bonge hakununa kuitwa hivyo. Alicheka hadi meza ya kukatia ikatetemeka. Nguo yoyote ya mtu wa ukoo wake, hata sare ya mtoto wa chekechea, aliiachia vidole vinne vya kitambaa ndani ya mshono. "Akiba hiyo," alisema. "Utanenepa tu. Damu ni damu."

Damu hiyohiyo ndiyo iliyomtisha. Mama yake, naye fundi, aliugua kisukari hadi macho yakamwisha, akawa anapapasa cherehani lake kama anayemtafuta mtu aliyetoka bila kuaga. Fundi Bonge hakutaka kupima. "Nipime nini, na jibu ninalo?"

Lakini Maswali alipofika kidato cha tatu, alimwona shangazi akiisogeza sindano mbali, karibu, mbali tena, uzi unagoma kuingia. Moyo ukamlipuka. Wiki ileile watafiti walikuja zahanati kuchukua damu za watu wenye kisukari katika familia, wapime sukari na jeni, chembe za urithi. Akamshika mkono.

"Twende, shangazi. Usipopima, sili."

"Wewe usile? Siku hiyo nitaiona wapi!" Lakini akavaa viatu.

Majibu yalichukua muda. Sukari ilikuwa juu. Macho yalikuwa bado salama, yalihitaji miwani tu. Na kweli, alikuwa na ile aina ya jeni inayoongeza kidogo uwezekano wa mtu kunenepa, na unene nao humsogeza mtu karibu na kisukari.

"Si nilisema!" Fundi Bonge akapiga paja kama aliyeshinda kesi.

"Hata mimi ninayo," akasema muuguzi, mwembamba kama mti wa ufagio. "Watu chungu nzima wanayo. Inakuzidishia hamu ya kula, mama. Haikushiki mkono ikakupeleka jikoni."

 Kesho yake Fundi Bonge aling'oa mota ya cherehani, akarudi kupiga pedeli ili miguu ifanye kazi. Vidonge alimeza, chai akainywa bila sukari huku amekunja uso, na nguo zilizokwisha akawapelekea wateja kwa miguu, akilalamika kila kona.

Miezi mitano baadaye gauni lake la buluu likaanza kumteleza begani. Akafura. Akampitia Maswali, moja kwa moja hadi kwa mama muuza vitambaa.

"Kitambaa chako kinatanuka! Umeniuzia mpira?"

Mama yule akalivuta pindo, akalivuta tena. Wapi! Akachukua tepu, akamzungushia kiunoni. "Fundi, unapima watu toka asubuhi hadi jioni. Wewe mwenyewe ulijipima lini?"

Fundi Bonge akainamia tepu.

"Basi soma hapa."

Fundi Bonge alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena. Kwa vipimo alivyoshonea gauni lile, inchi tano hazikuwepo. Maswali alicheka hadi akakaa chini. Walipopita zahanati, sukari nayo ilikuwa imeshuka.

"Uliwahi kuniuliza mbona sisi sote ni wanene," shangazi alisema wakirudi.

"Kumbe ulisikia?"

"Nilifumba mdomo, sikufumba masikio. Haya, sikiliza. Kitambaa alinikatia bibi yako, na hicho siwezi kumrudishia. Lakini niliogopa kujipima, mwanangu, nikamsingizia marehemu kila kitu. Kwa hiyo sehemu ni damu, sehemu ni woga wangu na vijiko vyangu vya sukari. Ipi imezidi ipi, hilo kamuulize muuguzi. Tepu yangu haifiki huko."