Mume Wangu Alisahihisha Kiingereza, Uongo Akauacha

Ndugu mhariri, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje zaidi ya kusema ni huku milimani juu ya Mkuyuni, maana watu wa huku gazeti wanalisoma kwa zamu mpaka linachakaa.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mmoja. Nilimaliza kidato cha nne, na sasa nafundisha kina mama kusoma na kuandika katika darasa la kisomo. Niliolewa miezi mitano iliyopita, na ndugu wasomaji, nimeolewa na mwanamume ninayempenda mpaka naona haya kuandika. Nikisikia jina lake likitajwa dukani nasahau nilichofuata. Ana sauti ya taratibu, na akicheka hufunika mdomo kama msichana. Siku ya harusi alinishika mkono tangu mlango wa kanisa mpaka nyumbani, njia nzima ya kupanda, wazee wakanung'unika kwamba hana adabu. Mimi nilitamani njia isiishe.

Yeye ni mtu wa mjini, Mafiga. Alikuwa amehitimu chuo kikuu mwaka huo huo, somo la Kiingereza, na wiki sita baada ya harusi akapelekwa Msumbiji kufundisha Kiingereza katika chuo kikuu cha huko. Wenzetu wale wametoka kujikomboa juzi tu, wanajua Kireno, walimu wa Kiingereza hawana. Nililia, lakini nilijivuna pia. Mwalimu wa chuo kikuu, na hata ndevu hazijamtosha. Aliniahidi kuniita mara atakapopata nyumba, na kweli ameniita. Tiketi yangu iko Dar es Salaam, safari ni mwisho wa mwezi ujao.

Sasa yupo Mjomba. Sisi Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, na kaka yake mama ndiye mwenye kauli. Zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Nilipokwenda kumpa habari za safari, Mjomba alikuwa na Mama uani, anachambua maharage, hakuinua macho.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Naambiwa unahama."

"Namfuata mume wangu."

"Mume unaye, au una stempu? Maana mimi naona stempu tu zinakuja."

Mama alicheka, nami nikacheka. Mjomba hakucheka. "Sikia, mpwa wangu. Binti wa mama yako mdogo ana watoto wawili na hana pa kulima. Ukienda, shamba lako nampa yeye alime vuli. Na nikishampa, sitamnyang'anya kwa sababu wewe umerudi unalia."

"Mpe tu, Mjomba."

"Usinijibu leo. Leo umelewa mapenzi. Nijibu Jumapili ya mwisho kabla ya safari, tukitoka misa."

Siku tatu baadaye ikaja barua ya mume wangu, na ndani yake picha. Amesimama mbele ya ubao, amevaa lile shati nililomnyooshea mwenyewe. Niliibusu ile picha. Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ili isikunjike, na kwa kuwa chochote alichokigusa nakitaka, nikaikunjua na karatasi nayo.

Ilikuwa insha ya mwanafunzi wake. Kichwa chake, Mwalimu Wangu. Kwa Kiingereza cha kujifunza, mwanafunzi ameandika kwamba mwalimu wake ni kijana kutoka Tanzania, ni mpole, anapenda chai ya tangawizi, na hana mke. Kwenye hiyo sentensi ya mke alikosea kitenzi. Mume wangu amekipiga mstari kwa wino mwekundu, akaiandika sentensi nzima upya pembeni, kwa mwandiko ule ule mzuri anaoniandikia mimi "mpenzi": mwalimu wangu hana mke. Chini ya karatasi akaandika, Vizuri.

Nimejaribu kumtetea. Labda mwalimu akishika kalamu anaona sarufi tu. Labda mwanafunzi alibuni. Lakini tulipokuwa wachumba nilikuwa namwandikia kwa Kiingereza ili anione msomi, naye ananirudishia barua zangu zimesahihishwa, na zile alama nyekundu nilizipenda kama busu. Katika barua moja niliandika kwamba tulikutana Jumamosi pale Mikese, basi lilipopata pancha. Sarufi ilikuwa safi kabisa. Yeye alikata Jumamosi akaandika Jumapili, na kweli ilikuwa Jumapili. Kwa hiyo mtu huyu, ndugu zangu, husahihisha na ukweli.

Juu ya karatasi lipo jina la mwanafunzi, la Kireno. Mpaka leo sijui ni la mwanamume au la mwanamke, na kumwuliza padre naona aibu.

Nimemwonyesha Mama peke yake. Akaniambia, "Umemwona mwanamke? Hujamwona. Umeona karatasi. Nenda kwa mumeo."

"Na nikifika nikamkuta?"

"Utarudi."

"Nirudi wapi, Mama?"

Mama akashika mchi, akaendelea kutwanga.

Barua kwenda na kurudi inachukua zaidi ya miezi miwili, nitakuwa nimeshachelewa. Ipo simu ya maandishi, lakini nitampaje karani wa posta mjini maneno ya kumwuliza mume wangu kama ana mke?

Bado nampenda. Nikiitazama ile picha moyo unaruka kama siku ya kwanza, kisha nakumbuka ilikuja imefungwa na nini. Nikimwambia Mjomba naenda, shamba ndilo hilo limekwenda, na huko niendako huenda wanajua mwalimu ni kapera. Nikimwambia nabaki, nimemkosesha mume wangu mke kwa sababu ya mstari mmoja wa insha. Ninyi mliokaa katika ndoa miaka, na hasa ninyi walimu, niambieni kweli: mtu anaweza kusahihisha maneno kama yale asiyasikie? Niandikieni upesi, Mjomba anataka neno moja tu, naenda au nabaki, na mimi sina hata hilo moja.